Saa ya mnada si saa ya kulipa: nunua na uuze sarafu za kale mtandaoni bila kuibiwa

Ni saa tatu kasorobo usiku. Umeketi sebuleni, simu mkononi, na kwenye kundi la WhatsApp kuna mnada unaendelea. Kinachouzwa ni sarafu kubwa nyeupe yenye sura ya mwanamke, na mwaka umeandikwa waziwazi: 1780. Muuzaji anasema ilikuwa ya nyanya yake huko Lamu. Bei ilianzia shilingi elfu tatu. Sasa imefika elfu kumi na moja, na mnada unafungwa saa tatu kamili. Unaandika elfu kumi na mbili. Kimya. Saa tatu inagonga na msimamizi anaandika: "Hongera boss! Ni yako. Tuma pesa kwa hii namba ndani ya dakika tano, la sivyo inaenda kwa wa pili."

Moyo unadunda. Umeshinda. Kidole tayari kiko kwenye menyu ya kutuma pesa.

Hapo ndipo tunakuomba usimame kidogo.

Huenda sarafu hiyo ni halali na muuzaji ni mtu mwema. Huenda pia hakuna sarafu, na picha imeokotwa mtandaoni. Hujui bado. Lakini jiulize: zile dakika tano ni za nini? Wakati wa mnada, saa ilikuwa na kazi ya kweli, kwa sababu mtu mwingine angeweza kukushinda bei. Mnada ukishafungwa, bei imekaa. Hakuna wa kukushinda tena. Kwenye eBay, kwa mfano, mshindi huwa na siku kadhaa za kulipa. Anayekubana kwa dakika tano hataki upate nafasi ya kuangalia.

Sisi kazi yetu ni kuhamisha pesa, na tunajivunia kwamba pesa ya simu hufika kwa sekunde chache. Lakini tuseme ukweli: uzuri huo ndio mkora anautegemea. Pesa ikifika kwake kwa sekunde, anaitoa kwa dakika. Kwa hivyo makala hii ina jambo moja kubwa la kukuambia: saa ya mnada na saa ya kulipa ni saa mbili tofauti. Ya kwanza iache ikimbie. Ya pili ni yako mwenyewe, usikubali mtu mwingine aishike.

Kabla ya mnada: ijue sarafu kuliko hadithi yake

Biashara ya sarafu na noti za kale imevutia wengi hapa kwetu, na kuna vitu vizuri kweli vya kukusanya. Kuna rupia za Mombasa za 1888, zilizotolewa na Kampuni ya Imperial British East Africa. Kuna shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, zilizopigwa kati ya 1921 na 1952. Kuna noti za kwanza za Kenya zilizotoka Septemba 1966. Shida ni kwamba mkora hauzi sarafu, anauza hadithi. Na hadithi nyingi zina ukweli nusu. Hizi hapa nne utakazokutana nazo.

Hadithi ya kwanza: "Hii ni ya 1780, ina zaidi ya miaka mia mbili." Sarafu yenyewe ni thaler ya Maria Theresa, ambayo wazee wa pwani waliijua kama reale. Maria Theresa alitawala Austria na alifariki mwaka huo wa 1780. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea na kuiamini, kwa hivyo iliendelea kupigwa miaka na mikaka kwa mwaka uleule, Vienna na hata London, Roma na Bombay. Hadi leo Austria bado inaipiga. Kwa hivyo mwaka 1780 peke yake haukuambii chochote kuhusu umri. Iliyo halali ina uzito wa gramu 28 hivi, na zaidi ya asilimia 83 ni madini ya fedha. Mara nyingi thamani yake ni ya fedha hiyo.

Hadithi ya pili: "Senti kumi ya mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja." Hii ni senti yenye tundu katikati, ya mwaka 1936, iliyoandikwa jina la Edward VIII. Ni kweli mfalme huyo alitawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo tu. Lakini sarafu zenyewe zilipigwa kwa mamilioni, na bado zimejaa. Mfalme ni adimu, senti si adimu. Ukiona mtu anaitaka elfu ishirini, mpungie mkono uende zako.

Hadithi ya tatu: "Shilingi ya simba, fedha tupu." Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina fedha, lakini ni robo tu ya madini yake. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Soma mwaka kabla ya kusoma tangazo.

Hadithi ya nne: "Dhahabu ya Wajerumani, ile ya ndovu." Rupia 15 za dhahabu za Tabora zilipigwa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wamekatiwa njia ya kupata pesa kutoka kwao. Zina ndovu na mlima nyuma yake. Ni halali, ni nzuri, ni ghali, na kwa sababu hiyo ndizo zinazoigwa sana. Sarafu ya namna hii usiinunue kwa picha. Inunue tu ikiwa imekaguliwa na mtu anayejua, au iko ndani ya kasha la kampuni ya ukaguzi kama NGC au PCGS. Na hata hapo, chukua nambari ya cheti iliyo kwenye kasha, uitafute wewe mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni hiyo, kisha ulinganishe picha na sarafu unayouziwa. Kasha nalo huigwa.

Ongeza hapo hadithi mbili za nyumbani. Sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Kibaki ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni kumbukumbu nzuri, lakini ilikuwa pesa ya kawaida ya kutumia dukani. Haina dhahabu, hata kama sehemu yake moja inang'aa manjano. Na zile noti za zamani za elfu moja? Zilikoma kuwa pesa halali baada ya Septemba 30, 2019. Mtu akikuuzia bunda kwa bei ya chini akisema "kuna mtu wa benki atakubadilishia", hakuna mtu wa benki. Kuna wewe na yeye tu.

Kabla hujaingia kwenye mnada wowote, fanya mambo matatu rahisi. Kwanza, tafuta bei ambazo sarafu kama hiyo imeshauzwa, si bei ambazo watu wanaomba. Kuomba milioni ni bure. Pili, mwombe muuzaji picha mpya: sarafu ikiwa juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo na jina lako. Mwenye mali atafanya hivyo kwa dakika mbili. Aliyeiba picha atakuwa na visingizio. Tatu, omba video ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Thaler yenye gramu 22 haihitaji mtaalamu kujua ina kasoro.

Wakati wa mnada: usishindane na kivuli

Mnada una tabia ya kumfanya mtu asahau hesabu. Ulikuja kununua sarafu, kufika katikati unataka tu kumshinda yule anayekupandishia bei. Wakora wanajua hivyo, na ndiyo maana huweka watu wao wenyewe ndani ya kundi. Muuzaji anakuwa na laini tatu au nne, anajipandishia bei mwenyewe mpaka uchoke. Ukiacha mapema, anakuja faragha na kusema, "Yule ameshindwa kulipa, nikupatie wewe kwa bei yako ya mwisho?"

Dalili zake ni hizi. Akaunti ni mpya na haina historia. Inapandisha bei haraka kila unapotaja yako, lakini haiulizi swali lolote kuhusu sarafu. Inaonekana kwenye minada ya muuzaji huyo huyo tu. Na kwa bahati ya ajabu, haishindi kamwe.

Dawa yake ni karatasi na kalamu. Kabla mnada haujaanza, andika bei yako ya juu kabisa, na ndani yake weka gharama zote: usafiri, ada ya kutuma pesa, na kama ni nyumba ya mnada inayotambulika, ile asilimia wanayomwongezea mnunuzi. Ukishinda kwa shilingi 10,000 na ada yao ni asilimia 20, wewe utalipa 12,000 kabla ya usafiri. Bei yako ikipitwa, weka simu chini. Na tunakuomba hivi kama watu wanaoona pesa zikiingia na kutoka kila siku: usishindanie mnada kwa mkopo wa simu. Sarafu ikigeuka kuwa ya bandia, deni litabaki kuwa halisi.

Kulipa: vituo vitano kabla ya PIN

Sasa umeshinda. Pumua. Mwandikie muuzaji: "Asante, nitalipa kesho asubuhi baada ya kukamilisha mipango." Hilo sentensi moja linakuonyesha mengi. Muuzaji wa kweli atakubali au atakuomba mkubaliane saa. Mkora atakasirika, atakutishia, atakupigia mfululizo. Hasira yake ni jibu.

Kisha pitia vituo hivi vitano.

1. Jina. Kabla hujaweka PIN, skrini hukuonyesha jina la mwenye nambari. Lisome. Kama umekuwa ukizungumza na mwanamume na jina ni la mwanamke, utaambiwa, "Hiyo laini ni ya shemeji yangu." Simama hapo. Shemeji hajakuuzia kitu. Kumbuka pia kwamba jina kulingana si ushahidi wa uaminifu, maana kuna laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Jina kutolingana ndilo linalokupa jibu la haraka.

2. Nambari. Biashara inayojiita duka la mnada iwe na nambari ya biashara, ile wengi huita till. Ikiwa duka lina nembo, tovuti na "ofisi mjini" lakini malipo yanaenda kwa nambari ya mtu binafsi, uliza kwa nini. Na kama nambari inabadilika dakika za mwisho, "ile imejaa, tuma kwa hii", usitume kokote.

3. Amana. "Tuma elfu mbili tu nikushikie." Hii ndiyo inayokula watu wengi kwa sababu ni pesa kidogo. Mkora hahitaji elfu kumi na mbili zako. Anahitaji elfu mbili za watu thelathini. Usitoe amana kwa mtu ambaye hujawahi kufanya naye biashara na ambaye hujaona mali yake.

4. Njia. Kama mnada ulikuwa kwenye mtandao wenye ulinzi wa mnunuzi, lipa ndani ya mtandao huo. Ukipokea ujumbe WhatsApp au kwenye barua pepe kwamba mshindi ameshindwa kulipa na sasa ni zamu yako, ingia kwenye akaunti yako mwenyewe uangalie. Ofa ya kweli itakuwa humo ndani. Anayekutoa nje ya mtandao "ili tuokoe ada" anakutoa nje ya ulinzi wako. Vivyo hivyo kwa "wakala wa kushikilia pesa" ambaye amechaguliwa na muuzaji. Mara nyingi wakala na muuzaji ni mtu mmoja mwenye simu mbili.

5. Ada zinazofuata. Umelipa, sasa unaambiwa mzigo umekwama: ada ya forodha, ada ya bima, ada ya cheti. Kila ukilipa moja, nyingine inazaliwa. Malipo ya serikali hupitia njia rasmi kama eCitizen. Hayaendi kwa nambari ya afisa fulani anayekupigia. Ukiombwa ada ya pili ambayo hukuambiwa mwanzoni, kubali kwamba ya kwanza huenda imepotea, na uache hapo. Uchungu wa kupoteza kidogo ndio humfanya mtu apoteze kingi.

Njia salama kuliko zote kwa mali ya bei ya wastani ni ile ya kizamani: mkutane, uione, uipime, ndipo ulipe. Kutaneni mchana, mahali penye watu. Ukumbi wa benki ni mzuri. Nyumbani kwa mtu usiyemjua si mahali pazuri, wala kwenye gari lililoegeshwa. Nenda na mwenzako. Beba mizani na sumaku ndogo: dhahabu na fedha hazivutwi na sumaku. Sarafu isiyovutwa bado yaweza kuwa ya bandia, lakini "dhahabu" inayorukia sumaku haina haja ya mjadala.

Ukiwa muuzaji, wewe pia unawindwa

Wengi hufikiri anayetapeliwa ni mnunuzi tu. Sivyo. Mwenye bati la sarafu za babu yake naye anatafutwa sana, na mtego wake mkubwa huanza na tangazo tamu: "Tunanunua sarafu za zamani kwa mamilioni." Unatuma picha ya shilingi ya kawaida, unaambiwa ina thamani ya laki nane. Furaha tele. Kisha kinachofuata ni ada ya usajili, halafu ya cheti, halafu "leseni ya Benki Kuu" yenye nembo na mhuri. Nembo ni picha tu, mtu yeyote anaweza kuibandika kwenye karatasi. Kanuni ni nyepesi: mnunuzi ndiye anayetoa pesa. Ukiona wewe muuzaji unatakiwa kutuma, biashara imegeuzwa miguu juu.

Mtego wa pili ni meseji bandia. Mnunuzi yuko mbele yako, au amemtuma mtu wa boda, na simu yako inalia: "Imethibitishwa. Umepokea Ksh 12,000." Maandishi yanafanana kabisa na yetu. Angalia mambo mawili. Je, imetoka kwa jina rasmi la huduma au kwa nambari ya kawaida ya simu? Na je, salio lililoandikwa linalingana na ulilokuwa nalo ukijumlisha hiyo pesa? Lakini usiishie hapo. Fungua menyu yako mwenyewe, uangalie salio. Meseji inaweza kudanganya, skrinshoti inaweza kutengenezwa, salio ndilo hakimu. Mpaka hakimu aseme, sarafu haitoki mfukoni, hata kama mtu wa boda anapiga honi nje.

Mtego wa tatu unatembea na huo wa pili. "Pole, nimetuma 15,000 badala ya 12,000. Rudisha elfu tatu kwa hii namba ya mtu wa boda." Ukirudisha, umetoa elfu tatu zako halali kwa pesa ambayo haikuwahi kuingia. Na kama kweli pesa imeingia kwa makosa, usiitume kwa nambari nyingine. Mwambie aliyetuma aombe irudishwe kupitia huduma kwa wateja, ili irudi kwa njia ile ile iliyokuja nayo.

Mtego wa nne ni mchungu zaidi kwa sababu pesa huingia kweli. Mnunuzi analipa, anachukua sarafu, anaondoka. Akifika kona anapiga simu na kudai, "Nilituma kimakosa, nataka pesa yangu." Kinga yako ni maandishi. Kabla hujakabidhi, mwombe akutumie ujumbe kutoka kwa nambari ile ile aliyolipia: "Nimenunua na kupokea sarafu fulani kwa shilingi kadhaa, leo tarehe fulani." Piga picha ya sarafu ikikabidhiwa. Hifadhi mazungumzo ya mnada. Ukiulizwa kuhusu malipo hayo, utakuwa na la kuonyesha, si la kueleza tu.

Mtego wa tano ni wa akaunti yako yenyewe. "Malipo yangu yamekwama, utapokea msimbo, nisomee." Au, "Piga hizi nyota na nambari ili pesa ifunguke." Au, "Pakua programu hii nikusaidie." Hapana, hapana, na hapana. Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Hakuhitaji msimbo wa mara moja. Hakuhitaji kupiga chochote. Na sisi, au mhudumu wetu yeyote, hatutakuuliza PIN yako hata siku moja.

Ukituma mzigo kwa basi au kwa kampuni ya vifurushi, rekodi video moja isiyokatika: sarafu, uzito wake, unavyoifunga, risiti ya kutuma. Mnunuzi naye arekodi anavyofungua. Hivyo hakuna atakayesema bahasha ilikuwa tupu, au kwamba alipokea nyingine.

Vitu ambavyo havifai kuingia mnadani

Kuna mali ambayo hata kama muuzaji ni mkweli na bei ni nzuri, itakuletea shida. Pembe za ndovu na vitu vilivyochongwa kutoka kwazo, biashara yake ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Vigango, yaani zile nguzo za ukumbusho wa wafu za Wamijikenda, vimeibwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo, na vingine vimerudishwa baada ya kukutwa kwenye makumbusho ya Marekani. Hizo ni roho za familia za watu, si mapambo ya sebule.

Na kwa ndugu zetu wanaouzia wateja wa nje: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa mali ya kale, na kukipeleka nje kunahitaji kibali. Ile rupia ya Mombasa ya 1888 ikumbuke hapo. Kabla hujaiweka kwenye mnada wa kimataifa, uliza Makumbusho ya Taifa.

Umeshatuma, na sasa huna amani

Usione haya. Aibu ndiyo humfanya mtu akae kimya mpaka kesho, na kesho pesa imeshatolewa. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

- Wasiliana nasi papo hapo kupitia nambari iliyo ndani ya programu yetu, si ile utakayopewa na mtu kwenye kundi. Kuwa na msimbo wa muamala mkononi. Kadiri unavyowahi, ndivyo uwezekano wa kuizuia pesa unavyokuwa mkubwa. Hatuwezi kukuahidi kwamba itarudi. Ikishatolewa, huwa ni kazi ya polisi.
- Usifute kitu. Mazungumzo, picha, sauti, nambari za wote waliokuwa kwenye mnada, vyote vipige skrinshoti kabla hujaondolewa kwenye kundi.
- Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, ripoti, na upewe nambari ya OB. Ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.
- Kama ulimpa mtu PIN au msimbo wowote, badilisha PIN mara moja na utuambie.
- Jihadhari na "mwokozi". Baada ya siku mbili tatu utapigiwa na mtu anayejua kisa chako chote, akisema anaweza kukurudishia pesa kwa ada ndogo. Amejuaje? Kwa sababu ni yule yule, au rafiki yake.

Turudi sebuleni

Saa tatu na dakika sita. Zile dakika tano zimepita na hukutuma. Umemwandikia: "Nitalipa kesho, tukutane benki saa nne asubuhi, nitakuja na mizani." Kuna mambo mawili yanaweza kutokea. Atakujibu sawa, na kesho utarudi nyumbani na reale yenye gramu zake 28, ukiwa na ujumbe wa malipo na jina la aliyekuuzia. Au ataandika maneno makali na kukutoa kwenye kundi, na utakuwa umeokoa shilingi elfu kumi na mbili kwa kusema neno "kesho".

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lako siku hizi ni simu: jina uliloliona, msimbo wa muamala, picha yenye tarehe, ujumbe wa makabidhiano. Mkora anataka ulipe kabla hujaandika lolote humo. Wewe andika kwanza, ndipo ulipe.

Kama una mzazi au jirani mwenye bati la sarafu za zamani kabatini, mtumie makala hii kabla hajajibu lile tangazo la mamilioni.